Shangazi wa Marehemu

Nyumbani, 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu sana. Sisi huku wazima wa kutembea, ya moyoni tumemwachia Mungu. Mama hajambo, ila macho yanazidi kumtupa mkono. Juzi aligombana na kuku wa jirani akidhani ni mtoto asiye na adabu, eti haitiki anapoitwa. Tulicheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nyumba hii kucheka tangu msiba. Wifi yako anakusalimu. Karakana inakwenda. Joto likizidi watu hukumbuka friji zao, na friji zikikumbukwa nami nakumbukwa.

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unalia, na ukilia mimi hukata. Karatasi hailii.

Binamu yetu dereva ameniambia kwamba hufanyi kazi tena gereza la wanawake. Anasema tangu mwisho wa mwaka umehamishiwa shule ya maadilisho ya wasichana, unafundisha kushona. Nilishangaa kuyasikia kwake. Wewe ambaye ukinunua ndoo mpya unaniandikia!

Nina swali moja tu. Yule msichana aliyemchoma mwanangu Chiriku bikari ya hesabu shingoni pale kwenye bomba la shule, kwa ugomvi wa foleni ya maji, mahakama ilimpeleka shule ya maadilisho ya wasichana. Nijuavyo mimi, nchi nzima inayo moja. Je, yumo humo? Unamwona?

Nijibu.

Kaka yako


Shuleni, 21 Machi

Kaka mpendwa, shikamoo.

Barua yako ilinifikia zamani, nisamehe kwa kuchelewa. Mpe Mama pole zangu, na kuku naye mpe pole zake. Nilicheka peke yangu darasani mpaka wasichana wakatazamana. Namtafutia Mama dawa ya matone. Kuna duka moja mjini wanaleta nzuri.

Shule yetu iko kilimani, upepo wake unang'oa nguo kambani hata ukizibana kwa vibanio viwili. Nimekabidhiwa cherehani kumi na mbili za miguu. Saba zinashona, nne zinatafuna nyuzi, na moja nadhani ilishuka na Nuhu. Tunashona sare za shule nyingine, yaani za watoto wanaolala kwao. Mikasi tunaitundika ukutani, kwenye ubao uliochorwa umbo la kila mkasi, ili ukikosekana mmoja ukuta wenyewe useme. Wenye kesi za damu hawaruhusiwi kushika mkasi. Hao mimi ndiye ninayewakatia kitambaa.

Mkuu wa shule ni mama mmoja mkali, lakini si mbaya. Akipita kwenye veranda funguo zake zinasikika kabla ya viatu. Chakula kinatosha kuishi. Wasichana ni wa kila aina: walioiba, waliotoroka kwao, na waliofanya makubwa.

Wifi anakula vizuri? Mwambie namkumbuka. Nitakuja likizo, nikipewa.

Dada yako


Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Nilikuuliza habari za mtu, ukanijibu habari za cherehani. Nimezisoma zote mpaka ile ya Nuhu, huyo mtu sijamkuta. Ila umesema wenye kesi za damu unawakatia kitambaa. Unamkatia nani?

Wifi yako ameenda kwao. Niliandika kwamba anakusalimu. Nilidanganya, hajamsalimu mtu tangu mwaka uanze. Alifungasha nguo chache akasema anakwenda kupumzika. Nikamwuliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Mpaka nyumba hii iache kumsubiri." Maana kila ikifika saa ya watoto kutoka shule, mdogo wangu, sote tulikuwa tunatazama mlango, halafu tunajifanya tulikuwa tunatazama kitu kingine.

Ulikuwepo mahakamani siku ile. Unakumbuka nilipomwomba hakimu amhukumu kama mtu mzima, akanitazama juu ya miwani yake: "Mzee, sheria inamtazama kama mtoto." Nikamwuliza, na wangu sheria inamtazama kama nani? Akaniambia niketi. Wiki ile ile, chumba kile kile, mwizi wa pikipiki alipewa miaka saba. Huyu mitatu, tena "isiyozidi". Na pikipiki ilipatikana.

Tulipotoka nje, afisa wa ustawi wa jamii, binti mdogo tu, akanishika bega. "Baba, samaki mkunje angali mbichi." Samaki huyu keshauma mtu, mimi namkunja vipi?

Yumo au hayumo?

Kaka yako


Shuleni, 30 Aprili

Kaka mpendwa, shikamoo. Pole kwa wifi. Usimfuate kumsumbua, mwache akae kwa mama yake alie mpaka achoke.

Yumo.

Siku ya kwanza nilikuwa naita majina, nikafika kwenye jina lake. Nikajifanya nakohoa. Akaitika, "Nipo, mwalimu." Anakalia cherehani ya nne. Ni mdogo, kaka. Ni mdogo kuliko alivyoonekana mahakamani kwenye lile gauni la kuazima. Anaketi ukingoni mwa kiti ili miguu ifike kwenye pedali.

Najua hasa unachotaka kuniuliza: kama anateseka. Basi nakuambia. Analala chumba kimoja na wasichana ishirini, taa haizimwi. Maharage yao yana wadudu. Matroni anawachapa kwa mkanda wa cherehani zangu, tena huja kuuazima kwangu bila haya, kama mtu anayeazima chumvi. Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ya wageni, na wake hajaja hata mmoja. Nauli kutoka kwenu mpaka huku unaijua, na mama yake unamjua. Na hakuna mtu hapa, nasema hata mmoja, aliyewahi kukaa naye akamwuliza, wewe ulifanya nini, na kwa nini. Wanamfundisha kukunja pindo. Kama wewe ulitaka adhabu, ipo. Kama hakimu alitaka marekebisho, mimi sijayaona, na ndiye niliyeajiriwa kuyafanya.

Na mimi mwenyewe sikukaa bure. Nilimpa cherehani inayotafuna nyuzi. Kila alichoshona nilikifumua mbele ya wenzake, mshono kwa mshono. Anasema, "Sawa, mwalimu," anaanza upya. Nilikuwa nangoja alie. Hakulia. Aliyekwenda stoo kulia juu ya majora ya kitambaa ni mimi.

Mkuu hajui kwamba mimi ni shangazi wa marehemu. Ilinipasa kusema siku ile ile, lakini wangenihamisha. Usiniulize kwa nini sikutaka kuhamishwa. Mwanzoni nilikuwa na sababu moja, sasa nina nyingine, na zote mbili hazifai kuandikwa.

Nakuomba kitu kimoja tu, usije huku.

Dada yako


Nyumbani, 29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, matone yamefika, anasema yanawasha kama pilipili lakini anayapenda kwa kuwa yametoka kwako.

Nilikuja. Nilijua Jumapili huna zamu. Getini nikaandikisha kwamba mimi ni mjomba wake. Askari hakuniuliza kitu, alifurahi tu kwamba hatimaye kuna mtu amekuja.

Nikakaa kwenye ule ukumbi wa wageni, ule uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta kama vile rangi iliwaishia. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu kituo cha basi. Nilijua nitaanza na lipi na nitamaliza na lipi. Wakamleta. Alikuja amefumbata mikono tumboni, akasimama mbele yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo."

Nami nikasema, "Marahaba."

Mdogo wangu, lilitoka lenyewe. Maisha yangu yote nimewaitikia watoto wa watu, ulimi ukafuata njia yake kama punda anayerudi zizini. Nimemwitikia marahaba aliyemtia mwanangu kaburini! Na likishatoka hilo, yale mengine niliyoyapanga yakakosa pa kuanzia.

Akakaa. Akaniuliza, "Mama amekutuma?"

Nikamwambia, "Wewe unanijua mimi?"

Walikuwa wageni mtaani kwetu, mahakamani hakuinua macho hata siku moja, na mimi tangu wakati ule nimekonda na ndevu zimeota. Akanitazama sana. "Hapana. Lakini unafanana na mwalimu wa kushona."

Nikamwambia mimi ni nani.

Hakukimbia. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Mkojo ukamtoka, ukashuka mpaka sakafuni, naye akaendelea kukaa wima kama mwanafunzi anayengoja kuitwa mbele. Nikanyanyuka nikaondoka. Kwenye basi nilitapika, kondakta akadhani nimelewa.

Sasa nisikilize. Nimeambiwa bodi ya shule inakaa Septemba, na kwamba msichana aliyeshindikana, akishatimiza miaka kumi na sita, bodi inaweza kuomba ahamishiwe gereza la wakubwa. Huyu anatimiza Agosti. Nimeambiwa pia kwamba walimu huulizwa. Sema ameshindikana. Ni neno moja tu, na sijawahi kukuomba neno.

Kaka yako


Shuleni, 18 Juni

Kaka, shikamoo, na leo naisema kwa taabu.

Wewe ulikuja ukaondoka, niliyebaki ni mimi. Jumatatu hakuja darasani. Jumanne alikuja, akakaa kwenye cherehani yake, akashona mpaka kengele. Wenzake walipotoka akabaki.

"Mwalimu, yule mzee ni kaka yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe..."

"Mimi ni shangazi yake."

"Ulijua lini kwamba ni mimi?"

"Tangu nilipoita jina lako."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana ulikuwa unafumua."

"Ndiyo maana."

"Sasa siku hizi mbona hufumui?"

Nilimwambia siku hizi unashona vizuri. Ni kweli, lakini silo jibu, na yeye alijua silo. Kisha akanieleza habari ya siku ile pale bombani, bila mimi kumwuliza. Hayo sitakuandikia.

Alipomaliza nilifanya jambo ambalo sijui nilie au nicheke nalo. Nilitoa mkasi ukutani nikampa, nikamwambia akate kola. Halafu nikampa mgongo. Nilisimama dirishani, nikisikiliza mkasi unavyotafuna kitambaa nyuma ya shingo yangu. Kaka, sijui kama nilikuwa namwamini. Labda nilikuwa namwombea anichome, ili nipate kumchukia bila mashaka, nipumzike. Alikata kola zote, akautundika mkasi mahali pake, akasema, "Kwaheri, mwalimu."

Unataka apelekwe kwa wakubwa. Wewe gereza hilo umelisikia, mimi nimekula mshahara wake. Tuliletewa msichana wa umri huo huo, naye kesi ya damu. Wiki ya kwanza wakubwa walimgawana kama sabuni. Sitasema zaidi, wewe ni kaka yangu. Alipotoka alikuwa anajua mambo ambayo mimi na mvi zangu siyajui. Hakumaliza mwaka nje, akarudi, na safari hiyo alikuwa amemuua mama wa watu aliyempa kazi ya kufua. Huyo mama naye ana kaka yake mahali, anaandika barua.

Sitasema ameshindikana. Wala sitasema amerekebika, kwa sababu sijui. Usiniombe tena.

Dada yako


Nyumbani, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anakuuliza kila siku. Nimemwambia una kazi nyingi.

Hukutaka kuniandikia alichokuambia. Huna haja. Nilimsikia mahakamani kwa masikio yangu mawili: "Nilitaka anyamaze tu." Eti walikuwa wanamcheka viatu, yeye Chiriku na wenzake, tangu muhula uanze, kila siku. Mimi nimechekwa viatu tangu darasa la kwanza, na nikavaa hivyo hivyo mpaka vikanicheka vyenyewe, lakini sikumchoma mtu. Mwanangu alikuwa na mdomo, sikatai. Alizaliwa anaongea, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Basi huyu alitaka anyamaze, naye amenyamaza. Nyumba nzima imenyamaza.

Habari za mtaani. Mama yake yule msichana hayupo tena. Wiki iliyopita vijana waliizingira nyumba yao, wakapiga bati kwa mawe mpaka likapinda. Yule mama akatoka na godoro kichwani, mtaa mzima unatazama. Mimi sikurusha jiwe. Nilikuwa mlangoni pa karakana yangu, spana mkononi, nikatazama mwanzo mpaka mwisho. Kijana mmoja akanipigia kelele, "Mzee, tunakulipizia!" Sikumwambia asante. Wala sikumwambia acha. Sasa yule mama anaishi nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa dada yake muuza mkaa. Najua kwa kuwa nilikwenda huko kutengeneza friji ya jirani yao, nikamwona anachambua mkaa, akaniona, akaingia ndani.

Niliposimulia hayo kwa wifi yako kwenye simu, alikata.

Hutaki kusema, basi nitakuja kusema mwenyewe. Familia ya marehemu ina haki ya kusikilizwa na bodi, nimeuliza. Na nitawauliza nao kama wanajua mwalimu wao wa kushona ni nani. Wewe chagua: ni shangazi au ni mwalimu?

Kaka yako


Chumba cha kupanga, 26 Septemba

Kaka, shikamoo.

Uliondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo nakuandikia mwisho wenyewe.

Kwanza niseme kwamba ulizungumza vizuri. Uliposema kwamba ukifungua mlango wa friji yoyote unamkumbuka akiiba barafu, hata karani aliacha kuandika. Halafu ukaninyooshea kidole mbele ya watu wazima watano na jagi lao la maji. "Mwulizeni huyo. Ni dada yangu, tumbo moja." Mkuu aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Yale waliyoniuliza uliyasikia. Ni kweli yeye ni kaka yako? Kweli. Ulilificha? Nililificha. Ni kweli unampa mkasi, kama ulivyomwandikia? Maana hilo nalo uliwaambia, kaka, lililotoka kwenye barua yangu. Kweli. Je, amerekebika? Nikawajibu: "Anajua kushona kola, mfuko na pindo. Ya moyoni sikuajiriwa kuyajua, na mliyemwajiri kwa kazi hiyo sijawahi kumwona." Hapo ndipo ulipotoka ukabamiza mlango.

Hiki ndicho hukukisikia. Mwenyekiti alifunga jalada akasema, "Tumewasikia, poleni sana. Lakini shule imejaa. Mwezi ujao tunaletewa wasichana wengine, na vitanda ni vile vile. Waliofika nusu ya muda wao wote wanatoka." Na Mkuu akamjibu kwamba barua za kutoka zilishachapwa tangu Ijumaa. Sisi tulizungumza Jumanne, kaka! Wewe umelia mbele yao, mimi nimeaibika mbele yao, nao walikuwa wanatusikiliza kama mtu aliye ndani anavyosikiliza mvua. Hakuna aliyemsamehe yule mtoto, na hakuna aliyemwadhibu. Kitanda kilihitajika.

Barua yangu mimi ilichapwa siku ile ile, hawakuisubirisha. Kuficha undugu, na kukiuka utaratibu wa vifaa vyenye ncha. Kazi imekwisha.

Tulitoka siku moja, mimi na yule mtoto. Nilimkuta kwenye benchi nje ya geti na mfuko wake wa plastiki. Mama yake walimwandikia kwa ile nyumba ya bati lililopinda, hakuna aliyekuja kumchukua. Askari alikuwa anamwambia asogee, anaziba njia ya magari. Akaona begi langu na sanduku langu la nyuzi. Akaniuliza, "Mwalimu, na wewe umemaliza?" Hakuwa na kejeli. Aliuliza tu.

Nikamwambia, nimemaliza.

Basi lilipokuja nilikaa mbele, yeye akaenda nyuma. Nilijua mama yake yuko wapi, wewe mwenyewe uliniandikia. Ilikuwa ni kugeuka tu na kusema: nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa muuza mkaa. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno. Nikamwona Chiriku amekaa pale ngazini kwenu ananipasulia karanga na kunisimulia mambo ya shule bila kuvuta pumzi. Nikafika njia panda nikashuka. Sikugeuka. Uliniambia nichague, shangazi au mwalimu. Siku ile sikuwa hata mmoja wao.

Sikudai kitu. Mwambie Mama nitakuja kumwona siku ambayo wewe utakuwa kazini.

Dada yako


Nyumbani, 11 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Wifi yako amerudi, mwezi uliopita. Hakusema anarudi. Niliamka nikamkuta anafagia uwanja.

Sikukujibu. Nilikuwa na mengi ya kukulaumu, kisha yakapungua, kisha nikachoka nayo. Kuhusu kazi yako sijui niseme nini, kwa hiyo sisemi. Ila kuna jambo nimeshindwa kulikalia.

Yule msichana alikuja mtaani jana. Miezi hii yote alikuwa wapi sijui, na ukimtazama huhitaji kuuliza. Nilimwona tangu alipokuwa kwa fundi viatu. Anapita mlango kwa mlango, anauliza mama yake amehamia wapi. Fundi viatu hajui. Kinyozi hajui. Mwenye duka la vioo hajui, naye siku ile ya mawe alitoa kiti nje ili aone vizuri. Akafika kwangu. Nadhani hakujua ni karakana ya nani mpaka aliponiona. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji, kompresa mapajani. Hakurudi nyuma. Akasema, "Samahani."

Sijui ilikuwa samahani ya kunisumbua kazini, au ile nyingine. Nimeifikiria usiku kucha na sijui.

Akasema, "Namtafuta mama."

Nikamwambia, "Sijui."

Akasema asante. Asante, mdogo wangu! Akaondoka.

Wifi yako alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ameniletea chakula cha mchana. Alisikia yote, na wanakoishi anajua, niliyemwambia ni mimi. Akaweka bakuli chini, akajitanda mtandio, akapita mbele yangu. "Unakwenda wapi?" Akazidi kutembea. Nikatoka mpaka mlangoni. Nilimwona akimfikia pale kwenye kona ya duka la dawa. Walichosema sikukisikia. Msichana aliinua mkono akakinga uso, kama mtu anayengoja kupigwa. Wifi yako hakumpiga. Wala hakumgusa. Alitangulia mbele, yule akamfuata kwa mbali kidogo, wakakata kona kuelekea kiwanda cha matofali.

Alirudi jua likizama, viatu vyekundu kwa vumbi. Akanawa miguu, akapika, akanitengea peke yangu. Nikamwuliza, "Umemwambia nini?"

Akasema, "Kula, chakula kitapoa."

Yeye alikula jikoni na Mama. Nilikuwa nasikia wanazungumza. Niliposukuma kiti niende nikakae nao, wakanyamaza.

Kaka yako